HABARI ZA WATOTO WANAOKAMATWA KWA UDOKOZI MADUKANI, TANGU ZAMANI HATA LEO



Miongoni mwa mashauri yaletwayo mbele ya chama cha ustawi, hapana liletwalo kwa sauti ya chini kuliko hili. Mzazi aliyefiwa husema mbele ya watu. Aliyeunguliwa na nyumba husema. Hata mwenye deni la karo husema. Lakini yule ambaye mtoto wake amekamatwa dukani na sabuni, au kalamu, au pakiti ya biskuti chini ya sweta ya shule, huyo hungoja mkutano uishe na watu watawanyike, ndipo amfuate mwandishi kando ya mlango. Kwa sababu hiyo imeonekana yafaa jambo hili liandikwe katika kitabu cha mwaka, mahali ambapo kila mtu aweza kulisoma pasipo kuuliza; na liandikwe kwa njia ya historia, maana sheria iliyoko leo haieleweki vema mpaka ijulikane imetoka wapi.

Tangu mwanzo na tuseme tunaloliona katika habari hizi. Mara nyingi lililoamua mwisho wa mtoto halikuwa ukubwa wa kitu alichokichukua, bali kuwapo au kutokuwapo kwa mtu mzima wa kusimama karibu naye na kusema, "Huyu ni wangu."

Zamani za mababu zetu hapakuwa na duka katika nchi hii ya mlimani, lakini mali ilikuwako, na wizi ulikuwako pia: mbuzi, asali ya mzinga, ndizi, viazi vya shambani. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu kilichochapishwa mwaka 1938, alieleza jinsi watu walivyoamuliana bila kuwa na jela. Msingi wa hukumu ulikuwa fidia. Hata damu ya mtu ililipwa kwa mifugo, mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume aliyeuawa. Sembuse kitu kilichochukuliwa shambani. Sasa mtoto asiyetahiriwa, ambaye Wakikuyu humwita kihii, hakuwa mtu wa kusimama mbele ya kiama na kujibu. Aliyejibu alikuwa baba yake, na nyuma ya baba ilisimama mbari yote. Mbuzi walitoka katika zizi la baba, na baba akarudi nyumbani akiwa na shauri lake na mwanawe, ambalo kiama hakikuliingilia.

Haifai kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Mtu mzima aliyerudia wizi mara nyingi, mpaka jamaa zake wakachoka kumlipia, aliweza kukataliwa na watu wake na kuuawa. Basi rehema ya mila ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa pale ambapo jamaa walikoma kusema "ni wetu." Lakini kwa mtoto, jambo moja lilikuwa thabiti: hapakuwa na shauri lililomkuta peke yake.

Kisha miji ikaja. Boma la Nyeri lilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya vita vya Waingereza na watu wa Tetu. Embu ikafuata mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Pamoja na boma yalikuja maduka, kwanza ya Wahindi, kisha taratibu ya Waafrika katika masoko ya Karatina na kwingineko. Mzee yeyote aliyelelewa nyakati za duka la zamani atakumbuka umbo lake. Palikuwa na kaunta ndefu ya mbao, mizani, na nyuma ya kaunta alikaa mwenye duka, na nyuma yake zilipangwa bidhaa zote, toka chumvi hata blanketi. Mnunuzi alitaja alichotaka, akakipimiwa, akalipa, akapewa. Mtoto mwenye mkono mwepesi alikuwa na nafasi ndogo tu: pipi katika mtungi ulio karibu na ukingo, sukari guru iliyowekwa kwenye gunia mlangoni. Zaidi ya hapo ilimpasa kuruka kaunta, na kuruka kaunta si udokozi tena.

Katika miji hiyo mtoto alikutana na jambo geni, yaani sheria iliyomwita yeye mwenyewe kwa jina lake. Hakimu, ambaye kwa kawaida alikuwa Bwana D.C. yule yule aliyekusanya kodi, hakumwuliza baba atatoa mbuzi wangapi. Alimtazama mvulana aliye mbele yake, akakisia umri wake, akaamua apigwe fimbo ngapi. Kuchapwa kulionekana kuwa adhabu nafuu: hakukuhitaji chumba cha jela, wala chakula, wala askari wa kulinda, jambo lilikwisha asubuhi ile ile. Ndiyo sababu wavulana wengi sana wa Kenya walichapwa kwa amri ya korti katika miaka ya ukoloni, kwa makosa madogo ya wizi na ya kuzurura mjini. Watawala wakadhani wanafanya kama afanyavyo baba. Lakini palikuwa na tofauti ambayo wazee waliiona upesi: baba humchapa mwanawe baada ya kumlipia, na korti ilimchapa mtoto bila kumlipa aliyeibiwa kitu chochote. Mwenye duka alirudi dukani bila sukari yake, baba alirudi nyumbani bila kuulizwa neno, na mvulana alirudi popote alipokuwa amelala jana.

Tena palikuwa na ugomvi juu ya umri. Kwetu, kijana aliyekwisha tahiriwa ni mtu mzima, awe na miaka 14 au 18. Ana rika lake na heshima yake. Serikali ilihesabu kwa miaka, na hesabu yenyewe haikukaa mahali pamoja. Kipande kilipoanza kutumika, miaka ya 1919 na 1920, mvulana aliyedhaniwa kufika miaka 16 alihesabiwa kuwa mwanamume wa kubeba kipande. Kesho yake korti iliweza kumwona ni mtoto wa kuchapwa. Vijana waliotoka jandoni juzi waliiona fimbo hiyo kuwa tusi kuliko maumivu.

Kwa wale ambao hawakuchapwa wakaachwa, palikuwa na Kabete. Shule ya kwanza ya marekebisho katika nchi yetu ilifunguliwa huko, karibu na Nairobi, yapata mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 ikageuzwa kufuata mfano mpya wa Uingereza, ambako Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1933 ilianzisha zile zilizoitwa shule zilizoidhinishwa na Serikali. Nia iliyosemwa ilikuwa njema: mtoto atengwe na wafungwa wakubwa, afundishwe useremala, kilimo na kusoma. Lakini fikiri mvulana wa Nyeri aliyechukua shati dukani. Kutoka Nyeri hata Kabete ni safari ya kilomita 150 hivi, na mama yake asingeweza kuifanya ila mara moja kwa mwaka, ikiwa aliweza kabisa. Tena hakimu alimpeleka huko yule hasa ambaye hapakuwa na mtu wa kumpokea nyumbani. Mwenye baba aliyefika kortini alichapwa akarudi; asiye na baba alikwenda Kabete kwa miaka. Kitu kilichoibwa kiliweza kuwa kile kile.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwezi wa Oktoba 1952. Hapa historia ya watoto wetu inaacha habari ya maduka kwa kitambo, nasi hatuwezi kuiruka, maana shule mbili tutakazozitaja ziko katika nchi yetu ya mlimani. Baba walikuwa msituni, au kizuizini, au wamekufa. Tangu mwaka 1954 watu waliondolewa makwao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Watoto waliobaki bila watu wakaingia mijini, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Nairobi, wakala walichokipata. Maelfu ya vijana wadogo walishikwa pia pamoja na watu wazima katika makambi. Mwaka 1955 wavulana wengi waliotolewa katika makambi hayo wakapelekwa Wamumu, katika uwanda wa Mwea, uliokuwa wakati ule sehemu ya wilaya ya Embu na sasa ni katika Kirinyaga. Wamumu iliandikishwa kuwa shule iliyoidhinishwa, ingawa wavulana wengi wake hawakuwa wamehukumiwa na korti yoyote kwa wizi wala kwa jambo lingine.

Juu ya Wamumu wazee bado hawakubaliani, na sisi hatutawakubalisha. Wako wasemao kwamba walijifunza huko ufundi uliowalisha maisha yote. Kwamba walicheza mpira, walivaa sare safi, na walipotoka walitafutiwa kazi. Wako wasemao kwamba mtoto aliyefungiwa bila kesi amefungiwa, hata akipewa sare. Yote mawili ni kweli. Lisilo na shaka ni kwamba baadhi ya waliokuwa pale hawakuacha jambo hilo lipite bure. Geoffrey Griffin, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa Wamumu, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha mwaka 1959 kituo cha Starehe huko Nairobi, katika mabanda mawili ya bati, kwa ajili ya watoto waliolala barabarani. Watoto hao walikuwa ndio wale wale waliokuwa wakikamatwa madukani. Starehe haikungoja mtoto adokoe ndipo imtafutie mlezi.

Baada ya uhuru, Wamumu iliendelea kuwa shule ya marekebisho kwa watoto waliopelekwa na korti, na Othaya, hapa Nyeri, pia ilikuwa na shule yake. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya Watoto na Vijana, Sura ya 141 ya Sheria za Kenya, ambayo ilikaa mpaka mwaka 2002. Haikuwa sheria mbaya kwa maandishi yake. Iliweka korti za watoto zisizoingiwa na umati, ikakataza majina ya watoto kutangazwa, ikaweka uwezo wa kumtoza mzazi faini badala ya mtoto. Kasoro yake kubwa ni kwamba iliwaweka chini ya paa moja mtoto aliyevunja sheria na mtoto asiye na mlezi. Aliyeiba na aliyeachwa walivaa sare moja, wakaitwa jina moja na watu wa nje. Mtoto wa Othaya aliyepita barabarani na sare ile hakuulizwa na mtu ni yupi kati ya hao wawili.

Katika miaka hiyo duka lenyewe liligeuka, na jambo hili halitajwi vya kutosha. Kaunta iliondolewa. Mnunuzi akapewa kikapu, akaambiwa aingie mwenyewe kati ya rafu, achukue, ageuze, anuse, arudishe, kisha alipe mlangoni. Leo mji mdogo wa mlimani hauhesabiwi kuwa mji pasipo supamaketi. Sisi wakubwa tulifurahia urahisi huo. Lakini kwa mtoto wa miaka 11 aliyetoka shule na tumbo tupu, akitazama rafu nzima ya peremende iliyowekwa makusudi katika kimo cha macho yake, majaribu yameongezeka mara nyingi kuliko yale ya babu yake aliyeutazama mtungi mmoja ng'ambo ya kaunta. Hatusemi hivyo ili kumtoa mtoto hatiani. Twasema kwamba muuzaji aliyeondoa kaunta ili auze zaidi alijua kwamba vitu vichache vitapotea, akavitia katika hesabu yake; mzazi hakuambiwa kwamba mwanawe naye ametiwa katika hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria iliyoko.

Kwa Kanuni za Adhabu, kuchukua kitu cha dukani kwa nia ya kumnyima mwenyewe ni wizi, hata kikiwa cha shilingi 20, na adhabu ya jumla ya wizi kwa mtu mzima ni kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini mtoto hana hesabu hiyo. Kwa muda mrefu mpaka wa chini ulikuwa miaka 8: aliye chini ya hapo hakuweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeupandisha mpaka huo hadi miaka 12. Kwa mtoto aliyetimiza miaka 12 lakini hajafika 14, sheria huanza kwa kudhani kwamba hana uwezo wa kupambanua jema na baya, na ni juu ya upande wa mashtaka kuiridhisha korti kwamba anao. Uganda nao wameweka miaka 12. Uingereza wangali kwenye miaka 10. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu akikamatwa na biskuti, hapana kesi ya jinai iwezayo kusimama juu yake, na mzazi anayeambiwa vinginevyo na mlinzi wa duka anatishwa bure.

Kabla ya hapo, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilikuwa imekwisha leta mageuzi makubwa. Ilikataza mtoto yeyote kupelekwa jela. Ilikataza mtoto kuchapwa kwa amri ya korti. Na mwaka 2003 fimbo ya korti ikafutwa hata kwa watu wazima. Ilikataza maneno yale mawili, kutiwa hatiani na kuhukumiwa, yasitumiwe juu ya mtoto hata kidogo. Wengine waliona hilo ni mchezo wa maneno. Sisi hatuoni hivyo: kijana wa miaka 22 akiomba kazi na kuulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, jibu lake hutegemea maneno hayo hayo. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, ikasema kwamba mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo, na akae mbali na watu wazima. Mtoto wa Nyeri hana mahali katika gereza la King'ong'o, hata kwa usiku mmoja.

Lakini lililo kubwa zaidi katika sheria ya mwaka 2022 ni lile ambalo mzee wa kiama angelitambua mara moja. Sheria hiyo imefungua njia ya kumtoa mtoto katika mkondo wa mashtaka kabla hajafikishwa kortini, na hata baada ya kufikishwa. Mtoto akikubali kosa lake kwa hiari, pasipo kulazimishwa, na mzazi au mlezi akaridhia, aweza kuagizwa kuomba radhi kwa mdomo au kwa barua, kurudisha kitu au kukilipia, kuhudhuria shule pasipo kukosa, kukaa na mshauri, au kufanya kazi ya kuwafaa watu. Akitimiza, shauri limekwisha, na moja ya makusudi yaliyotajwa katika sheria ni kwamba asibaki na rekodi ya jinai. Baada ya miaka mia na zaidi, sheria imerudi kwa mzazi na kumwuliza, "Utasimama naye?" Asipokuwapo mtu wa kuitika, mlango huo ni mgumu kufunguka, maana hapana wa kuridhia na hapana wa kukabidhiwa mtoto. Hapo ndipo njia ya zamani ya Kabete inapoanza tena, ijapokuwa siku hizi mvulana hupitia kwanza Getathuru na msichana Kirigiti ili wachunguzwe kabla ya kupangiwa shule ya kurekebisha tabia.

Wanachama huuliza sana juu ya malipo, nasi twalieleza hili kwa urefu kwa kuwa ndipo watu hupoteza fedha. Mwenye duka ana haki ya kurudishiwa kitu chake, na kama kimeharibika, thamani yake. Aweza kudai kwa njia ya kiraia. Mtoto hushtakiwa katika madai kupitia kwa mlezi aliyewekwa na korti kumtetea, na zipo hata Korti za Madai Madogo zenye uwezo wa madai hadi shilingi 1,000,000. Lakini mzazi, kwa kuwa mzazi tu, hawajibiki kwa kosa la mwanawe katika madai ya namna hiyo, isipokuwa uzembe wake mwenyewe uwe ndio uliosababisha hasara. Katika nchi nyingine sivyo. Huko Marekani, kwa mfano, sheria ya jimbo la California yampa mwenye duka haki ya kuwadai wazazi wa mtoto aliyedokoa kati ya dola 50 na dola 500, pamoja na gharama zake. Kenya haina sheria kama hiyo. Basi mwenye duka akimwambia mama, "Lipa mara kumi ya bei la sivyo twaita polisi," anatoza faini ambayo hakupewa na mtu. Kutoza faini ni kazi ya korti. Tena, mtu apokeaye mali kwa mapatano ya kuficha kosa la wizi lisishtakiwe aweza kujikuta yeye mwenyewe amevunja Kanuni za Adhabu. Lipa bei ya kitu, pokea stakabadhi, na mapatano mengine yote yafanyike mbele ya ofisa wa watoto au wa polisi.

Hali kadhalika mlinzi wa duka. Sheria yamruhusu mwenye mali na watumishi wake kumshika mtu wanayemwona akitenda kosa juu ya mali ile. Lakini ni wajibu wao kumkabidhi kwa polisi pasipo kuchelewa. Haiwaruhusu kumfungia stoo hata jioni, wala kumvua nguo, wala kumpiga. Na mtoto akishikwa bure, hana hatia, mzazi aweza kulidai duka fidia kwa kumzuia isivyo haki.

Kumpiga ndilo jambo linalotutia hofu kuliko yote haya. Neno "mwizi!" likipigwa sokoni siku ya soko, hapana anayeuliza kitu kilikuwa nini wala mshikwa ana miaka mingapi. Wako watoto wa nchi hii waliokufa kwa neno hilo. Mila yetu, kwa ukali wake wote, ilimuua mwizi sugu baada ya jamaa zake kuitwa na kukubali. Umati hauiti jamaa. Mwanachama akiona jambo hilo likianza, tunamwomba apaze sauti kwamba huyu ni mtoto, amtaje baba yake kama anamjua, kisha atume mtu mbio kwa chifu au kituo cha polisi.

Upo pia umati wa namna mpya, ule wa picha. Mtoto hupigwa picha akiwa ameshika kitu alichokamatwa nacho, na picha hubandikwa mlangoni pa duka au hutumwa katika simu. Korti imekatazwa kutaja jina lake wala shule yake, na duka limtaje? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa hivyo, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, nao hawakuwa wameshukiwa kwa lolote. Mzazi mwenye malalamiko ya namna hiyo aweza kuyapeleka kwa Kamishna mwenyewe, pasipo wakili.

Limebaki moja dogo, nalo limewaangusha wengi kituoni. Kila haki tuliyoitaja yategemea umri, na umri wataka ushahidi. Mtoto mrefu wa miaka 13 akiandikwa katika kitabu cha kituo kuwa ana miaka 18, huingia upande wa watu wazima, na kumtoa huko huchukua siku: hupelekwa kwa daktari, akatazamwa meno, na ripoti ikangojwa. Nyeri ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza, pamoja na Nairobi, ambako kuandikisha vizazi kulifanywa lazima kwa watu wote tangu mwaka 1963, kabla ya nchi nzima kufikiwa mwaka 1971. Hata hivyo zingali nyumba ambazo cheti hutafutwa siku ile tu mtoto anapotaka kufanya mtihani. Anayeitwa kituoni na aende na cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki, au barua ya mwalimu mkuu inayotaja tarehe ya kuzaliwa. Na kama mzazi yu mbali, shangazi au mjomba aende badala yake siku ile ile, kabla mtoto hajaandikwa.